Mguu wa Kushoto wa Babu

"Hesabu tena," Inspekta alisema.

"Nimeshahesabu mara tatu, Afande," fundi wa eksirei alijibu. "Ni nne. Skrubu nne, na bati la chuma refu kama kidole changu cha kati. Hata ukinihesabisha mpaka kesho hazitakuwa tano."

Picha, ya kwanza kupigwa mguu ule, ilikuwa inawaka kwenye skrini. Mfupa wa muundi ulionekana wote, kuanzia chini ya goti mpaka kifundoni, na juu yake kile chuma kimelala kimetulia, kimekazwa barabara na mtu aliyeisomea kazi yake. Profesa, mkuu wa maabara ile, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono kichwani. Tangu saa tatu asubuhi alikuwa hajasema neno zaidi ya "haiwezekani", na hilo alikuwa amelisema mara nyingi mno.

Na kweli, nani angeweza kumlaumu? Juu ya meza, chini ya shuka jeupe, alilala mtu aliyekufa miaka elfu tatu na mia mbili iliyopita, kabla binadamu wa pande zile hajajua chuma ni kitu gani. Na mtu huyo alikuwa na skrubu mguuni. Toba!

"Sijui alitibiwa hospitali gani huyu," fundi alisema, akacheka peke yake, kisha akanyamaza kwa aibu.

Pale maabara walimwita Babu. Walimtoa mgodi wa zamani wa chumvi miezi minane iliyopita. Chumvi ilikuwa imemnyonya maji yote ikamwachia ngozi, kope, kucha na ndevu chache za kidevuni. Kila asubuhi wafanyakazi waliingia na shikamoo, na wapo walioapa kwamba siku moja ataitikia. Alitoka ardhini mzima isipokuwa mguu wa kushoto, kuanzia goti kwenda chini. Siku mbili baadaye mguu ukapatikana, ukaletwa, ukawekwa mahali pake, na kila mtu akapiga makofi.

Inspekta alivuta kiti akakaa mbele ya Profesa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa mwili na mwepesi wa macho. Vijana wa kituoni walimwita Mama Kwanini akiwa hayupo, na yeye alijifanya hajui.

"Tuanze mwanzo. Umri wake mliupimaje?"

"Tulichukua kipande cha ubavu, kidogo kama punje ya mchele," Profesa alisema. "Kikapelekwa maabara tatu tofauti. Zote tatu zilitoa jibu moja. Hilo halina ubishi!"

"Sijabisha. Na mguu ulipimwa na maabara ngapi?"

Profesa aligeukia lebo iliyoning'inia mezani.

"Profesa?"

"Mguu ulipewa namba ileile ya Babu. Namba Moja. Utaratibu wetu ni mwili mmoja, namba moja, kipimo kimoja. Kila kipimo ni kukata, Inspekta, na Babu hatukutaka kumkatakata kama nyanya. Tunamheshimu."

"Kwa nini mliupa namba ileile?"

"Kwa sababu yeye alikosa mguu wa kushoto, na huu ni mguu wa kushoto! Umepatikana hatua sita kutoka alipolala! Wewe ungesemaje?"

"Ningesema ni mguu wa kushoto," Inspekta alisema, akaandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akavaa glavu, akafunua shuka upande mmoja. Juu ya muundi palikuwa na kovu refu lililonyooka, na vidoa vimepangana pande zote mbili. "Hili mlisema ni nini?"

Fundi wa eksirei alikohoa. Profesa alitazama sakafu.

"Jeraha la mkuki. Nimeliandikia makala, kurasa kumi na moja."

"Na hivi vidoa?"

"Chale. Za kimila. Hiyo ndiyo makala ya pili."

"Profesa," fundi alisema kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba, "hizo ni alama za nyuzi."

Hapo Profesa aliruka kutoka kwenye ndoo. "Basi nimebadilishiwa! Kuna mtu ameiba mguu wa Babu akaniwekea huu ili nichekwe na dunia nzima! Ufunguo wa chumba hiki tunao wawili tu, mimi na yule binti wa brashi. Na picha ilipotokea tu pale kwenye skrini, alitoka mbio bila hata kuaga. Kamwulize yeye, usiniulize mimi!"

Inspekta alimkuta binti wa brashi kwenye chumba cha kunawia, amekaa sakafuni chini ya sinki, maji yakimwagika juu bila mtu. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, kucha fupi, viganja vimechakaa kwa dawa. Kazi yake ilikuwa kumsafisha Babu kwa brashi laini, kidole kwa kidole, na kwa hiyo wenzake walimwita Brashi. Inspekta alifunga bomba, akajishusha taratibu mpaka sakafuni, akakaa naye bega kwa bega.

"Binti yangu, kwa nini ulikimbia?"

"Baba yangu alikuwa na chuma mguuni."

Inspekta hakuandika. "Mguu gani?"

"Wa kushoto. Alivunjika kabla sijazaliwa. Siku za baridi ulikuwa unamuuma, ananiita nikae juu yake niupashe joto." Aliupapasa muundi wake mwenyewe. "Nilikuwa na miaka sita."

"Yuko wapi baba yako sasa?"

"Alitutoroka. Ndivyo tulivyoambiwa. Ile siku njia ya zamani ilipoporomoka mgodini, watu walihesabiwa, wote wazima. Baba hakurudi nyumbani. Kesho yake tukaambiwa ameonekana anapanda basi, ana begi, yuko na mwanamke. Miaka ishirini na minne, Afande. Mama alizitoa nguo zake zote uani akazichoma. Mpaka leo hawezi kupita bombani bila kuulizwa kama mume ametuma salamu. Nyumbani kwetu baba hatajwi, hata kwa bahati mbaya."

"Nani alimwona akipanda basi?"

"Baba mkubwa. Mzee Mnyapara, yule anayelinda geti. Si baba mkubwa wa damu, ila alikuwa rafiki ya baba, na ndiye aliyetulea." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Kama ni baba, nataka kujua. Kama si yeye, pia nataka kujua. Mama ana presha, anazeeka, na atakufa akijua aliachwa. Sitaki kingine chochote, Afande. Hilo tu."

Inspekta alikuwa amekwisha kusoma jalada la zamani la kupotea kwa baba huyo asubuhi ile, kabla hajaja, kwa kuwa ndilo pekee kituoni lililotaja mgodi na mtu aliyepotea. Lilikuwa na nusu ukurasa. Shahidi mmoja, basi moja, sahihi moja.

"Niambie kuhusu kazi yako," alisema. "Mguu ulikujaje mikononi mwako?"

Brashi alivuta pumzi. Kuulizwa kazi kulimtuliza. "Mwili wa Babu ulikuja na ganda la chumvi, nene vidole viwili. Ulinichukua miezi mitano. Mguu haukunipa taabu hata kidogo. Ganda lilikuwa hapa juu tu, kuanzia gotini mpaka nusu ya muundi. Kuanzia hapo kushuka ulikuwa safi, kama wa mtu aliyetoka kuoga. Na ganda lenyewe liliishia kwenye mstari ulionyooka, ukazunguka mguu wote. Nililiandika daftarini, nikamwambia Profesa."

"Akasemaje?"

"Alisema labda Babu alivaa bangili."

"Makala ya tatu," Inspekta alinong'ona. "Na kazi hii uliipataje?"

"Tuliomba watu thelathini. Wengine wana vyeti, mimi nilikuwa nauza vocha za simu. Baba mkubwa alikwenda kwa Profesa mara tatu kuniombea. Karibu apige magoti."

"Kabla mguu haujapatikana, au baada?"

Brashi alifikiri. "Baada. Wiki moja baada."

Inspekta alirudi maabara, na Brashi akamfuata nyuma. Alifunua shuka lote upande wa miguu, akamwita fundi na Profesa. Bila kusema kitu, aliinama, akavua kiatu chake cha kulia na soksi, akaupandisha mguu wake mwenyewe juu ya kiti karibu na meza. Fundi alitoa macho.

"Afande, tukuletee maji?"

"Niletee macho yako. Tazama kidole changu cha mwisho. Kimelalia jirani yake, na juu kina sugu. Hiyo ni miaka ishirini na tisa ya viatu vya kazi. Sasa mtazame Babu, mguu wa kulia. Vidole vimeachana, kila kimoja na nafasi yake, na unyayo mgumu kuliko soli. Huyu hakuvaa kiatu maisha yake yote. Haya, njoo kushoto."

Wote waliinama. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikuwa kimelalia jirani yake, na juu yake palikuwa na sugu, duara, ngumu, ndogo kama punje ya mtama.

"Mama yangu wee," fundi alisema.

"Wako wawili," Inspekta alisema. "Babu ni Babu, umri wake ni uleule, na mguu wake sijui uko wapi. Huyu mwingine alivaa buti kila siku, refu mpaka nusu ya muundi. Alikufa nalo mguuni. Chumvi ikaganda juu ya buti, ndani haikuingia. Kwa hiyo mguu ulipotoka ukutani ulikuwa bado na buti. Ulipofika hapa haukuwa nalo. Profesa, nani aliutoa mgodini?"

Profesa aligeukia mlango. Alinyoosha kidole kwenye korido. Pale ukutani palining'inia picha kubwa ndani ya fremu: mzee mwembamba ametoka kwenye mdomo wa mgodi, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye koti.

"Mashine ilikata ukuta, mguu ukaanguka," alisema hatimaye. "Kulikuwa na vumbi jingi. Mzee Mnyapara, tuliyemchukua atuonyeshe njia mle ndani, alipiga kelele kwamba dari linashuka, watu wote wakakimbia. Yeye alibaki. Dakika kumi nzima, tukajua tumempoteza. Kisha akatoka nao, kaufunga kwenye koti lake. Akashauri ukuta ule uzibwe kwa saruji, kwamba ni hatari. Tulimpa cheti cha ushujaa, Inspekta. Mimi mwenyewe nilikitia sahihi."

Chumba cha Mzee Mnyapara kilikuwa getini, hatua mia moja kutoka maabara. Kitanda cha chuma, birika, redio, na ukutani ubao mrefu wa mbao wenye misumari, umepakwa rangi maneno mawili: NDANI upande mmoja, NJE upande wa pili. Upande wa NJE palining'inia kibati kimoja cha shaba.

"Shikamoo, mzee," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Nasikia huko ndani kumechafuka."

"Kumechafuka kidogo. Ubao huu ulifanyaje kazi?"

Mzee alinyooka. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, na unyapara ulikuwa haujamtoka mabegani. "Huo ndio uliokuwa roho ya mgodi. Kila mtu vibati viwili, namba moja. Kimoja ubaoni, kingine kimefungwa ndani ya buti, ili tukikuchimbua tujue wewe ni nani. Ukiingia unakihamisha cha ubaoni kwenda NDANI. Ukitoka unakirudisha NJE. Jioni nausoma. Kikibaki kimoja NDANI, haendi mtu nyumbani."

"Vingine viko wapi?"

"Mgodi ulipofungwa kila mtu alichukua chake, kumbukumbu."

"Na hiki?"

"Mwenyewe hakuja kukichukua."

"Ndiye uliyemwona akipanda basi."

"Huyohuyo. Na si unaona? Kibati kiko NJE. Mtu alitoka, akaenda zake."

"Alivaa nini miguuni, siku ya basi?"

"Viatu tu vya kawaida. Mabuti ni mali ya mgodi, yanarudishwa stoo."

"Kwa hiyo yake yalirudi."

"Yalirudi. Mimi ndiye niliyeyapokea."

"Mzee wangu," Inspekta alisema, bila kupandisha sauti, "mguu ule ulikuwa ndani ya buti miaka ishirini na minne. Watu waliuona unaanguka. Ukawakimbiza nje, ukabaki nao dakika kumi. Nakuuliza kwa heshima. Buti liko wapi?"

Mzee alitaka kujibu. Macho yake yakapita juu ya bega la Inspekta yakafika mlangoni, na hapo uso ukamporomoka. Brashi alikuwa amesimama kizingitini.

"Mwondoe mtoto huyu," mzee alisema.

"Siondoki, baba mkubwa."

Redio ilikuwa ikitangaza hali ya hewa. Inspekta aliizima. Mzee alikaa kitandani, akakaa sana, kisha akainama akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Lilikuwa na blanketi, cheti cha ushujaa, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, buti jeusi la mpira lililoganda chumvi nje yote.

"Nilishindwa kulitupa," alisema. "Mara nne nimelipeleka jalalani. Mara nne nimerudi nalo."

Inspekta aliingiza mkono ndani ya buti, akapapasa, akakuta uzi. Aliukata kwa wembe wake, akatoa ngumi iliyofumba.

"Hamsini na nane," Brashi alisema.

Inspekta alifumbua. Hamsini na nane. Aliusogelea ubao, akageuza kile kibati kilichoning'inia peke yake. Hamsini na nane.

"Watoto wote wa hapa tulifundishwa namba za baba zetu," Brashi alisema. "Kabla hata ya kujua majina yao."

"Nilimtuma mimi," mzee alisema akitazama buti. "Njia ile ilikuwa imekatazwa, lakini chumvi yake ilikuwa nzuri. Nilimwambia dakika kumi tu. Mlima ukakaa chini. Mabosi wakaja mbio wakaniuliza, wote wametoka? Kibati chake kilikuwa NDANI. Nilikihamisha kwa mkono huu. Nikasema wote. Nilidhani amekwisha kufa. Haki ya Mungu, nilidhani amekufa."

"Kwa nini unasema ulidhani?" Inspekta aliuliza.

Mzee alianza kulikunja blanketi la sandukuni.

"Mzee. Kwa nini ulidhani?"

"Kwa sababu aligonga."

Brashi alishika mwimo wa mlango. "Mlima ulianguka Alhamisi," alisema. "Mama husema Alhamisi. Aligonga mpaka lini?"

"Mwanangu..."

"Mpaka lini, baba mkubwa?"

"Mpaka Jumapili."

Nje lori lilipita, vikombe vikalia juu ya rafu, vikatulia. Inspekta alijikuta amesimama katikati ya chumba na mdomo wazi, yeye aliyezoea kuiacha midomo ya watu wengine wazi.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Nilikuwa nimeshasema wote wametoka." Mzee alilisema kama jambo ambalo mtu yeyote angelielewa. "Ijumaa nikasema nitasema kesho. Jumamosi nikasema, nikisema leo wataniuliza jana nilikuwa wapi. Jumapili kukawa kimya."

"Na mimi?" Brashi aliuliza. Alikuwa halii. Sauti yake ilikuwa kavu, ngeni. "Umeniombea kazi kwa magoti. Miezi minane nimeushika mguu ule kila siku, nimeusugua kwa mikono hii, na wewe unakuja unaniuliza kazi inaendaje. Kwa nini mimi?"

Mzee alifunika uso.

"Nilitaka aoshwe na mtu wake."

Brashi aligeuka akatoka. Inspekta alimtia mzee pingu. Mikono ilikuwa miembamba mpaka ikabidi azikaze mpaka jino la mwisho. Akamwuliza mwili uliobaki uko wapi. Nyuma ya saruji, mzee alisema. Palepale mashine ilipoukata mguu. Ameegemea ukuta, amekaa.

Alimkuta Brashi kwenye ngazi za maabara, simu mkononi.

"Nitakwenda kwa mama yako mimi mwenyewe," Inspekta alisema. "Ndiyo kazi yangu."

"Hapana, Afande. Aliambiwa na mtu baki mara ya kwanza." Alibonyeza namba. "Ila hilo la Jumapili, nakuomba. Usimwambie leo."

"Leo sitamwambia."

Simu iliita mara mbili. Sauti ya mama ilikuwa kubwa, na Inspekta aliisikia kutoka alipokuwa.

"Mbona unapiga saa za kazi? Wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Keti kwanza."

"Nimeketi. Nani kafa?"

"Baba."

Mcheko mkavu ulisikika. "Huyo kwangu alikwisha kufa zamani. Nani kakuletea habari zake, huyo mwanamke wake?"

"Mama, hakuna mwanamke. Hakukuwa na basi. Baba hakwenda popote." Brashi alifumba macho. "Alikuwa kazini, mama. Yuko kazini mpaka leo. Nimeuona mguu wake."

Kitu kilianguka huko upande wa pili, bakuli au sufuria, kikazunguka sakafuni mpaka kikasimama. Mama aliporudi, sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa.

"Nilichoma nguo zake zote, mwanangu," alisema. "Tutamzika na nini?"